Baiskeli ya umeme ya mizigo kwa safari za sokoni: mwongozo kamili wa kununua ya kwanza

Anayetafuta baiskeli ya umeme ya mizigo kwa mara ya kwanza huanza na mota: ina wati ngapi, inakwenda kilomita ngapi kwa chaji moja? Muuzaji naye anajibu hayo hayo, kwa kuwa ndiyo yaliyoandikwa kwenye boksi. Maswali hayo yana nafasi yake, ila yakitangulia, utarudi nyumbani na chombo chenye nguvu ambacho hakikufai. Anza na mzigo wako wa wiki, njia unayopita, na mahali baiskeli itakapolala. Ukishayajua hayo, mota na betri hujichagua karibu zenyewe.

Nimeandika nikimfikiria mkazi wa Dar es Salaam anayefuata mahitaji ya nyumbani Mabibo, Ilala, Buguruni au Kariakoo, na samaki Feri. Wa Tanga, Zanzibar na Mombasa mambo yao ni yale yale: mchanga, mvua za masika na hewa ya chumvi. Wa Arusha, Mbeya na Mwanza wana milima, na nitawataja panapohusika.

Hatua ya 1: Pima mzigo kwa mizani

Usikadirie. Nenda na vitu vyako kwenye mizani ya duka, au simama kwenye mizani ya kujipimia ukiwa umevibeba, kisha toa uzito wako. Kwa wiki mbili andika kila kinachoingia nyumbani kutoka sokoni. Kiroba cha unga au mchele ni kilo 25. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20 na ushee. Mtungi wa gesi wa kilo 15 unawadanganya wengi, kwa sababu hizo kilo 15 ni za gesi tu. Ukiongeza chuma chake unafika kilo 30 hivi. Mkungu wa ndizi unaweza kuvuka kilo 20. Trei ya mayai 30 ni karibu kilo 2, lakini inataka sehemu bapa isiyorukaruka, kwa hiyo andika na umbo la kitu pamoja na uzito wake.

Sasa tazama safari nzito ya kawaida, ile inayojirudia kila wiki. Usinunue baiskeli kwa ajili ya mzigo wa shughuli ya mwaka mara moja. Siku hiyo kodi kirikuu. Familia ya watu watano au sita inayokwenda sokoni mara moja kwa wiki hubeba kilo 40 hadi 60. Anayenunua kidogo kidogo kila siku mbili hatafika hata kilo 20, na huyo hahitaji chombo kikubwa.

Kisha soma kibandiko cha uzito wa juu kwenye fremu au kwenye kitabu chake. Mara nyingi namba hiyo ni ya vyote kwa pamoja: baiskeli yenyewe, mwendeshaji na mzigo. Ikiandikwa kilo 200, baiskeli ikawa na kilo 35 na wewe kilo 75, umebakiwa na 90. Keria nayo ina kiwango chake peke yake. Keria ya baiskeli ya kawaida ya mjini huishia kilo 25 au 27 hivi, hata kama fremu inahimili zaidi. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hizi mbili hajui anachokuuzia.

Hatua ya 2: Ijue njia

Pita njia yako kwa miguu au kwa baiskeli ya kuazima, siyo kwa kukumbuka tu. Tafuta mambo matatu: umbali, mchanga na vilima.

Umbali wa mjini si mkubwa kama foleni inavyotufanya tuamini. Kutoka Sinza hadi Kariakoo ni chini ya kilomita 10. Baiskeli iliyobeba mzigo hutumia wati-saa 10 hadi 20 kwa kilomita. Chukua 15 kama makadirio. Kwenda na kurudi kilomita 20 ni wati-saa 300. Hesabu ya betri ni volti mara ampea-saa: 36V na 10Ah ni wati-saa 360, 48V na 15Ah ni 720. Ile ya kwanza itakufikisha ikiwa mpya, ila haitakuachia akiba, na betri zote hupungua uwezo zinavyozeeka. Hesabu safari yako, kisha nunua betri yenye uwezo wa mara mbili ya hesabu hiyo. Ile ahadi ya “kilomita 80 kwa chaji moja” hupimwa na mtu mwepesi, barabara tambarare, bila kiroba.

Mchanga wa Kigamboni, Bunju au vichochoro vya Mbezi Beach unataka tairi pana, inchi 2 na nusu hivi, isiyojazwa upepo mpaka ikakakamaa. Tairi nyembamba yenye mzigo huzama, na usukani unakwenda unakotaka wenyewe.

Vilima ndivyo vinavyoamua mota. Chukua jumla ya kilo 200 ikipanda mlima unaoinuka mita 5 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Kupandisha uzito huo peke yake kunataka wati 270 hivi, mbali na msuguano wa tairi. Mtu wa kawaida anayekanyaga bila kuhema hutoa wati 75 hadi 100. Zinazobaki ni za mota, na inabidi izitoe kwa mwendo wa taratibu, hali inayoichemsha. Katikati ya jiji suala hili halikusumbui. Ukikaa Kimara, Goba au Pugu, litakukuta kila unaporudi nyumbani, na ndipo mzigo unapokuwa mzito.

Hatua ya 3: Italala wapi?

Pima mlango na geti kwa futi. Guta la magurudumu matatu lina upana wa karibu mita moja na halipiti mlango wa chumba. Baiskeli ndefu ya magurudumu mawili hupita, lakini ina kilo 30 hadi 40, na hakuna atakayeipandisha ghorofa ya tatu Upanga kila siku. Ukikaa ghorofani, tafuta yenye betri inayochomoka kwa ufunguo: chombo kinabaki chini kimefungwa kwa mnyororo mnene kwenye nguzo, betri unapanda nayo. Kama hakuna pa kuifungia na hakuna mlinzi, tatua hilo kwanza kabla ya kutoa hata senti.

Hatua ya 4: Chagua umbo

Kuna maumbo manne utakayokutana nayo.

La kwanza ni baiskeli ya mkia mrefu: fremu imerefushwa nyuma, keria ni ndefu na imara, na pembeni kuna mifuko mikubwa miwili. Marekani umbo hili lilienezwa na Xtracycle ya California tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa nyumba nyingi za Dar ningechagua hili bila kusita. Linaendeshwa kama baiskeli yoyote, linapenya kwenye foleni, linabeba kilo 50 bila kulalamika, na siku isiyo na mzigo linampeleka mtoto shule. Tafuta lenye magurudumu madogo ya inchi 20, angalau la nyuma. Gurudumu dogo ni gumu kupinda, na mzigo unakaa chini karibu na ardhi, kwa hiyo baiskeli haiyumbi unaposimama.

La pili lina sanduku mbele, kati ya usukani na gurudumu, kama zinavyopendwa Uholanzi. Unauona mzigo muda wote, nyanya hazipondeki, na mtoto unaongea naye njiani. Ila ni refu sana, linahitaji kuzoewa, na fimbo inayounganisha usukani na gurudumu la mbele si kitu utakachokipata kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani ikipinda.

La tatu ni guta, sasa likiwa na mota. Hakuna kinacholishinda kwa mitungi, kreti za soda na ndoo za maji: lisimame muda wote unaotaka, haliangushi kitu. Ubaya wake uko kwenye kona. Baiskeli ya magurudumu mawili hulala upande unaokata, guta halilali, na ukikata kona kwa kasi tairi la ndani linanyanyuka. Mwenye guta lazima apunguze mwendo kabla ya kona, kila mara. Lichague ikiwa njia ni tambarare, nyumbani kuna ua, na mzigo unavuka kilo 80.

La nne ni kufunga mota kwenye baiskeli ya Phoenix uliyonayo. Ni njia rahisi kwa mfuko, na kwa mzigo wa kilo 20 au 30 inafaa sana, maana fremu za chuma za zamani ni ngumu. Lakini breki za fimbo hazitoshi kwa chombo cha umeme, hasa rimu ikilowa. Badilisha breki kwanza. Na ukifunga mota gurudumu la mbele, uma unaolishika gurudumu hilo uwe wa chuma. Wa aluminiamu unaweza kupasuka pale ekseli inapokaa. Mwambie fundi aweke mkono wa chuma unaozuia ekseli isijizungushe, kwa kuwa mota ikiisokota ekseli, nati peke yake haiwezi kuishika.

Hatua ya 5: Mota

Mota ama inakaa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ama katikati kwenye pedeli. Ya katikati hutumia gia za baiskeli, kwa hiyo inapanda mlima vizuri sana. Wa Arusha, Mbeya na Lushoto waitazame hiyo. Gharama yake ni cheni na meno ya gia, ambavyo huisha mapema kwa sababu nguvu yote ya mota inapita humo, na ikiharibika ndani inataka vifaa vya kiwanda.

Kwa Dar nachagua ya habu ya nyuma, ile yenye gia ndogo ndani yake. Cheni ikikatika, mota inaweza kukufikisha nyumbani. Mota ikifa, unakanyaga. Na gurudumu zima likibidi, linabadilishwa kwa mchana mmoja. Wati 250 hadi 500 zinatosha tambarare. Kwa Goba na Kimara nenda 500 na zaidi. Ulaya sheria huishia wati 250 na msaada wa mota hukatika kwenye kilomita 25 kwa saa, na watu kule hubeba mizigo na watoto kwa kiwango hicho. Kwa hiyo usitishwe na anayekwambia chini ya wati 1,000 ni mchezo. Chombo chenye kasi ya pikipiki na kisichohitaji pedeli, uliza TRA kuhusu usajili wake kabla ya kununua.

Kiongeza mwendo cha mkononi kina faida moja kubwa: kuondoka kwenye taa ukiwa na mzigo mzito bila kuyumba. Kwa mzigo wa sokoni ningekitaka kiwepo.

Hatua ya 6: Betri, na hapa usikimbilie

Betri ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote na ndiyo itakayokufa kwanza. Maguta mengi ya bei nafuu huja na betri za asidi: tano za volti 12 zikiunganishwa kupata 60V, zenye uzito wa zaidi ya kilo 30 kwa pamoja. Hudumu chaji mia tatu hadi mia tano hivi, na ukiziacha tupu wiki moja zinaharibika. Faida yake ni kwamba zinapatikana kila mahali. Za lithiamu ni nyepesi mno kuliko hizo na hudumu chaji mia tano hadi elfu moja; zile za lithiamu ya fosfeti ya chuma huvuka elfu mbili na hustahimili joto letu vizuri zaidi, ingawa ni nzito kidogo. Ukizipata kwa bei unayoimudu, chukua.

Nenda na mita ya umeme ya fundi unapokwenda kununua. Betri ya lithiamu ya kawaida ya 48V, ikijaa, husoma volti 54.6, ya 36V husoma 42. Ikiwa muuzaji anasema imejaa na mita inasoma 51, ama haijajaa ama seli fulani zimekufa. Kisha endesha ukiitazama skrini: ukikanyaga kwa nguvu na volti zikashuka 2 au 3, ni kawaida. Zikiporomoka 6 au 7, kisha zikarudi mara tu ukiachia, hiyo betri imechoka, hata kama ganda lake linang’aa.

Chaja lazima iwe ya betri hiyo hiyo, volti na kichwa chake. Chaja ya 48V kwenye betri ya 36V ni moto. Chaja ya ampea 3 hujaza betri ya 15Ah kwa masaa matano. Kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, ipitishe kwenye kifaa cha kulinda kama kile cha friji. Na usiogope LUKU: kujaza betri ya wati-saa 720 hutumia chini ya uniti moja, hata ukihesabu kinachopotea kwenye chaja.

Moto wa betri za lithiamu ni jambo la kweli. New York mwaka 2023 ulisababisha vifo vya watu 18, na Septemba mwaka huo jiji likaanza kudai kwamba kila baiskeli ya umeme inayouzwa iwe imethibitishwa kwa kiwango cha usalama cha Marekani, UL 2849. Kibandiko cha UL au cha kiwango cha Ulaya EN 15194 ni kitu cha kutafuta hata hapa. Usinunue betri iliyofungwa upya mtaani kwa seli za kompyuta mpakato. Usichaji usiku mkiwa mmelala, wala mlangoni au kwenye korido mnayotokea. Ikiwaka, njia ya kutoka itakuwa imezibwa. Betri iliyovimba, iliyoanguka vibaya au iliyoingia maji ya mafuriko isichajiwe tena.

Na kama una ndugu anayerudi kutoka nje, usimwagize betri. Ndege za abiria hazipokei betri ya lithiamu inayovuka wati-saa 160, na hata ile ndogo ya 36V na 10Ah ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Hatua ya 7: Gurudumu, breki, fremu

Gurudumu la nyuma hubeba karibu kila kitu. Hesabu spoki: 36 ni nzuri, na ziwe nene. Zibane mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima. Zote zikaze sawa. Iliyolegea itakatika, na ikikatika moja jirani zake hufuata.

Breki ziwe za diski mbele na nyuma. Za mafuta zinashika vizuri zaidi, za waya fundi yeyote anaziweza. Kwa mzigo usiovuka kilo 50 tambarare nachukua za waya zenye diski kubwa; kwa vilima au guta, za mafuta. Uliza pedi zake zinapatikana wapi, na nunua jozi mbili siku hiyo hiyo.

Fremu ikague kwa tochi kwenye maungio yote, hasa pale usukani unapoingia na pale fremu inapobeba sanduku au keria. Mpasuko huanza kama unywele kwenye rangi. Februari 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Uholanzi iliiamuru Babboe, kampuni kubwa ya baiskeli za mizigo za familia, isimamishe mauzo kwa sababu ya fremu kuvunjika. Kama ilitokea kule, fremu isiyo na jina inastahili macho yako mara mbili.

Hatua ya 8: Ukikutana na mtumba

Mtumba wa Japani ni mzuri na umetengenezwa kwa kwenda sokoni. Yamaha walianza kuuza baiskeli zao za PAS mwaka 1993, na nyingi huja na kapu la mbele. Tahadhari ni mbili. Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100, na chaja nyingi za kule ni za volti hizo tu: ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230 inaungua papo hapo. Soma kibandiko cha chaja. Kisipoandika 100 hadi 240, utahitaji transfoma. La pili, keria zake nyingi ni za kilo 27, kwa hiyo mtungi wa gesi haumo.

Mtumba wa Ulaya wenye mota ya Bosch unavutia, ila mota na betri zake hutambuana kwa programu. Betri ikifa, huwezi kufunga nyingine yoyote ya volti sawa. Bila betri nzima na ufunguo wake, bei ya haki ni ya baiskeli ya kawaida yenye uzito wa ziada.

Hatua ya 9: Jaribu ukiwa na kiroba

Kununua baada ya kuzunguka uwanjani bila mzigo ni kununua kitu ambacho hujakiona. Nenda na kiroba chako cha kilo 25 au omba muuzaji akupe mawe ya uzito huo. Ondoka ukiwa umesimama, mara kadhaa. Kata kona pande zote mbili. Fika mwendo wa kilomita 20 kwa saa kwenye lami kavu kisha funga breki zote: inapaswa kusimama ndani ya mita 4 au 5 bila kuserereka upande. Zima mota ukanyage mwenyewe, maana iko siku betri itaishia njiani. Simamisha kwa stendi ikiwa na mzigo. Iwe ya miguu miwili na isizame. Anayekataa jaribio hili, muage kwa heshima.

Mpelekee pia fundi wako picha za mota, kontrola (kisanduku kinachoipimia mota umeme) na viunganishi vya waya kabla ya kulipa. Akisema hajawahi kuvigusa, muulize nani kawahi, na umtafute huyo kwanza.

Hatua ya 10: Mwezi wa kwanza

Baada ya safari chache za mwanzo spoki na boliti hulegea kidogo. Mrudishie fundi akaze, hata kama husikii mlio wowote. Panga mzigo mzito chini na usawa pande zote mbili: kiroba kulia, maji kushoto, mboga juu, mayai kwenye kapu lenye kanga chini yake. Mtungi ulale umefungwa kwa mipira miwili, au usimame ndani ya kreti, kamwe usining’inie upande mmoja.

Masika yakija, endesha kwenye mvua bila wasiwasi, ila maji ya barabarani yakifika ekseli, shuka na utafute njia nyingine. Mota ya habu haikutengenezwa kuzama. Usioshe kwa mashine ya presha. Kitambaa chenye maji safi kinatosha kuondoa chumvi, kisha mafuta kidogo kwenye cheni na grisi kwenye viunganishi vya betri. Ukisafiri kwa wiki kadhaa, iache betri nusu, mahali penye kivuli, wala usiiache kwenye chaja.